Mganga, Mchawi na Laghai: Historia ya Mashtaka ya Tiba za Uongo kwa Kuitazama Isiolo

Utangulizi

Historia ya sheria zilizowekwa katika Kenya dhidi ya tiba za uongo imeandikwa zaidi na wanahistoria na wanasheria. Wanalugha wameigusa kwa nadra. Hali hiyo haifai kuachwa ilivyo, kwa sababu mashtaka ya aina hii, kuliko mashtaka ya wizi au ya kupigana, yamesimama juu ya maana za maneno. Mwizi hukamatwa na ng'ombe wa watu, na aliyepigwa huonyesha jeraha lake. Lakini anayeshtakiwa kwa uganga wa uongo huletwa mahakamani pamoja na mizizi, unga, hirizi na maneno aliyomwambia mgonjwa, na vitu hivyo havisemi lolote mpaka mtu avipe jina. Akitokea shahidi akasema kwamba ni dawa, kesi huelekea upande mmoja. Akisema kwamba ni uchawi, huelekea upande mwingine.

Makala haya yanachunguza majina ambayo sheria imewapa wenye kutoa tiba tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na matokeo ya kuwapa majina hayo. Hoja yake kuu ni kwamba sheria ilikuwa na mazoea ya kumfuata mtu kwa jina lake kabla ya kuuliza tendo lake; na kwa kuwa laghai ni mwepesi wa kubadili jina kuliko mganga wa kweli, mara nyingi aliyenaswa hakuwa laghai. Isiolo imechaguliwa kuwa mahali pa kuitazamia hoja hiyo kwa sababu ni mji ambamo mapokeo mengi ya tiba yamekutana, na ambamo Kiswahili, lugha ya nyumbani kwa wachache tu, kilikuwa daraja la kupitishia ushahidi.

1. Isiolo na Matabibu Wake

Mji wa Isiolo uko kaskazini ya Mlima Kenya, mahali ambapo nchi ya milima ya Wameru inashuka na kuingia katika nyika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, serikali ya kikoloni iliwapa makao hapo askari wa Kisomali waliokwisha kumaliza utumishi wao, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 mji huo ulikuwa makao makuu ya utawala wa eneo la Mpaka wa Kaskazini. Katika miaka ya 1930 Waborana waliotolewa upande wa Wajir walipewa malisho kandokando ya mto Ewaso Nyiro, na hao ndio walioitwa Waborana wa Waso. Ukiwaongeza Wasamburu, Waturkana na Wameru, unapata mji ambamo lugha za Kikushi, za Kinailoti na za Kibantu zinasikika katika soko moja.

Kila jamii ilikuja na matabibu wake na majina yake. Waborana walikuwa na chiressa, fundi wa kuunga mifupa na kutibu watu na mifugo, na walimtofautisha na raaga, mwenye kutabiri. Wasamburu walimwendea laiboni, na Waturkana walimwendea emuron, ambao wote wawili walichanganya uaguzi na tiba. Wameru walimjua mugaa, mwenye kuponya, na wakamwogopa murogi, mwenye kudhuru. Miongoni mwa Waislamu, yaani Wasomali na Waborana wengi, shehe alisoma aya juu ya maji ambayo Wasomali huyaita tahliil. Tendo hilo lina undugu na kombe la Waswahili wa pwani, ambapo aya huandikwa, zikaoshwa na kunywewa.

Katika nchi hiyo pana huduma ya hospitali ilikuwa haba. Sheria ya Wilaya za Nje ya 1902 na ile ya Wilaya Maalumu ya 1934 ziliwazuia watu kuingia na kutoka kaskazini bila kibali, na hivyo mgonjwa wa malishoni alimwendea kwanza yule aliye karibu. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 vilizidisha uhitaji huo. Watu walikusanywa katika vijiji vya kulindwa kama vile Garba Tulla na Merti, wakapoteza sehemu kubwa ya mifugo yao. Mario Aguilar, aliyefanya uchunguzi kati ya Waborana wa Waso mwishoni mwa miaka ya 1980, ameeleza kwamba baada ya misukosuko hiyo baadhi ya watu ambao wazazi wao walikuwa wamekwisha kusilimu walirejea ibada za ayaana, yaani pepo wanaompanda mtu na kudai kutulizwa. Ugonjwa, umaskini na kupotewa na jamaa vilitafutiwa dawa mahali pamoja. Hapo ndipo swali la nani mganga na nani laghai linapokuwa zito, kwa maana aliyepoteza ng'ombe wake wote hana mbuzi wa kumpa mdanganyifu.

2. Mgawanyo wa Maneno katika Kiswahili

Kiswahili kilikuwa na mgawanyo wake kabla ya sheria yoyote kuandikwa. Neno mganga linatokana na kitenzi kuganga, chenye maana ya kutibu na pia ya kufunga au kuunga kilichovunjika. Mzizi wake umeenea katika lugha nyingi za Kibantu: nganga katika Kikongo, sing'anga katika Kichewa, inyanga katika Kizulu. Mchawi yuko upande wa pili. Yeye haungi bali huvunja, na kitenzi kinachomhusu ni kuroga, ambacho kimezaa mlozi katika Kiswahili na kina ndugu yake katika murogi wa Kimeru. Kamusi za Kiswahili, tangu zile za wamisionari wa karne ya kumi na tisa hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, zimeyatenga majina hayo mawili.

Kutoka Kiarabu kilikuja tabibu, ambaye elimu yake imo vitabuni, na kutoka Kiingereza akaja daktari, ambaye elimu yake imo katika cheti. Majina hayo mawili hayakumfukuza mganga. Katika Tanzania cheo cha Mganga Mkuu ni cha daktari aliyesomea chuo kikuu, na anayesimamia zahanati huitwa mganga mfawidhi. Hakuna anayeona kwamba ametukanwa. Katika Kenya neno hilohilo limepoteza heshima yake katika matumizi ya kawaida. Daktari wa hospitali hawezi kuitwa mganga bila kukasirika, na mara nyingi jina hilo hufuatwa na kivumishi cha kulishusha, kama vile "wa kienyeji". Lugha ni moja na neno ni moja, lakini thamani yake imetengana mpakani. Tofauti hiyo haikuletwa na sarufi. Sehemu yake, bila shaka, imeletwa na historia ya sheria na ya utawala.

Nalo neno dawa lina upana unaoweza kumtatiza mgeni. Kuna dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya mbu na dawa ya viatu. Kuna dawa ya kupendwa, na dawa ya kumdhuru adui. Dawa ni kitu chochote chenye nguvu ya kubadili hali ya kitu kingine. Kwa hiyo shahidi anayesema, "Nilimkuta ana dawa", hajasema neno jema wala baya. Anayemsikiliza ndiye anayeliongezea wema au ubaya.

Juu ya hayo yote Kiswahili kina majina ya mdanganyifu ambayo hayahusiani na tiba hata kidogo: laghai, ayari, tapeli. Anaweza kuwa mwuza shamba lisilo lake au mwuza unga uliochanganywa na mchanga. Katika fikira za Kiswahili, basi, kuna watu watatu: mganga anaponya, mchawi anadhuru, laghai anadanganya. Inawezekana mtu mmoja akawa wawili kati yao, lakini kosa la kila mmoja ni la namna yake.

3. Sheria ya 1925 na Jina Lililounganisha Maadui

Sheria ya kwanza ya uchawi katika Kenya iliwekwa mwaka 1909. Ilirekebishwa mwaka 1918, na mwaka 1925 ikatungwa upya kwa namna iliyodumu. Haikufutwa uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Iliendelea katika vitabu vya sheria kuwa Sura ya 67. Kwa mujibu wake, mtu anayejitangaza kuwa na uwezo wa kichawi wa kutia hofu, kuudhi au kudhuru, au anayejifanya kuwa na nguvu zisizo za kawaida kwa lengo hilo, anaweza kufungwa hadi miaka kumi. Ni kosa vilevile kumiliki hirizi na vitu vya uchawi bila sababu ya kuridhisha, na ni kosa kumshtaki mtu mwingine kwamba ni mchawi pasipo kumpeleka mbele ya wenye mamlaka.

Msingi wa sheria hiyo haukuwa wa Afrika. Mwaka 1736 Uingereza iliacha kuwahukumu wachawi kwa uchawi, na badala yake ikaweka kosa la kujifanya mchawi. Tangu hapo, machoni pa sheria ya Kiingereza, mchawi hayuko; yuko mtu anayewadanganya wajinga. Kwa maneno ya Kiswahili, sheria hiyo ilimtoa mchawi katika kundi la wauaji ikamtia katika kundi la malaghai. Fikira hiyo ilipovuka bahari iliwakuta watu ambao kwao mchawi alikuwa mwuaji hasa, na laghai alikuwa mwizi mdogo tu.

Tatizo la pili lilikuwa la jina. Waandishi wa sheria walitumia neno la Kiingereza linalounganisha uchawi na udaktari katika neno moja, kana kwamba mtu angesema "daktari-mchawi". Neno hilo halina mwenzake katika Kiswahili, wala katika Kimeru, kwa kuwa linawafunga kamba moja watu wawili waliokuwa maadui. Mkalimani alipotakiwa kulitaja kwa Kiswahili, neno lililo karibu lilikuwa mganga. Hivyo mwenye kuganga alirithi kosa la mwenye kuroga, na sheria iliyodai kwamba haiamini uchawi ikawa imempa mganga nusu ya jina la mchawi.

Matokeo ya kupishana huko yalionekana wazi katika nchi ya Wakamba mwaka 1931, wakati kundi la wanaume lilipomwua mwanamke aliyedhaniwa kuwa amemroga mwanamke mwenzake. Watu 70 walishtakiwa kwa mauaji, na mwaka 1932 wengi wao walihukumiwa kifo. Rufani yao haikufaulu, ingawa hukumu za kifo zilipunguzwa na Gavana zikawa vifungo. Mbele ya mahakama hao walikuwa wauaji. Wao wenyewe walijiona kuwa wamemwondoa mwuaji. Kesi hiyo ilijadiliwa hadi Uingereza, na wanahistoria Richard Waller na Katherine Luongo wameifanya kuwa kielelezo cha mgongano kati ya sheria na imani. Pande mbili zilitumia neno "mchawi", na kila upande ulikuwa unamtaja mtu mwingine.

Katika Tanganyika, ambako sheria ya namna hiyohiyo iliwekwa mwaka 1928, fasihi ya Kiswahili imehifadhi mtazamo wa watu wa kawaida. Utenzi wa Hasani bin Ismail, Swifa ya Nguvumali, uliotolewa na Peter Lienhardt mwaka 1968, unamsifu mganga kwa kuwafichua wachawi waliotenda mauaji. Kwa mshairi huyo, mganga ni msaidizi wa haki. Lakini kwa mujibu wa sheria, kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa, na kwa hiyo tendo lile lile linalosifiwa katika utenzi lingeweza kumpeleka mganga kizuizini.

4. Safari ya Ushahidi

Katika wilaya za kaskazini mkuu wa wilaya alikuwa pia hakimu. Maofisa wa kikoloni walitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili, na wachache sana miongoni mwao walijifunza Kiborana au Kiturkana kwa kiwango cha kusikilizia kesi. Kwa hiyo ushahidi ulisafiri: ulitoka katika lugha ya shahidi ukaingia Kiswahili kinywani mwa mkalimani, ukatoka Kiswahili ukaingia Kiingereza katika daftari la hakimu. Mfungwa alifungwa kwa maneno ya daftari.

Katika kila kituo cha safari hiyo kitu kiliweza kupungua. Kiborana kina qorsa, ambayo ni dawa. Kisamburu, kama lugha nyingine za jamii ya Kimaa, hutumia neno moja kwa mti na kwa dawa, kwa kuwa dawa ni mti. Kisomali kina daawo, iliyotoka Kiarabu kama dawa ya Kiswahili. Yote matatu hufika katika Kiswahili yakiwa dawa, na hapo upana ule ulioelezwa juu unayameza. Mti alioupika chiressa kwa ajili ya mifupa, unga alioutumia mwaguzi, na maji aliyoyasomea shehe huwa dawa tupu. Kutoka dawa, mwandishi wa Kiingereza alilazimika kuchagua: ama neno la hospitali, ama neno la uchawi. Ikiwa mshtakiwa ameletwa chini ya sheria ya uchawi, mtu anaweza kukisia ni neno gani lililo karibu zaidi na kalamu yake.

Si haki kumlaumu mkalimani peke yake. Alikuwa akifasiri kwa mdomo, papo kwa papo, bila kamusi ya Kiborana ya sheria mkononi, naye mara nyingi alikuwa wa jamii moja kati ya hizo na mgeni kwa nyingine. Aliyetakiwa kumweleza hakimu tofauti ya chiressa na raaga kwa Kiswahili angehitaji sentensi tatu. Mahakama ilimtaka atoe neno moja. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Hiyo ni hatua kubwa, lakini haki ya kupata mkalimani si sawa na haki ya kupata istilahi, na ibara hiyo haiwezi kuunda neno ambalo wataalamu wa lugha hawajalifanyia kazi.

5. Laghai Abadili Jina

Wakati sheria ya uchawi ilipokuwa ikimfuata mtu wa mizizi, jina lenye faida lilikuwa likihama. Sheria za madaktari za nchi za Afrika Mashariki zilimlinda daktari kwa njia ya daftari: aliyeandikishwa ni daktari, asiyeandikishwa si daktari. Katika Kenya sheria ya madaktari ya 1977, ambayo ni Sura ya 253, iliendeleza msingi huo, na sheria ya madawa na sumu, Sura ya 244, ilifanya vivyo hivyo kwa mfamasia. Kwa sheria hizi kosa ni kutenda kazi ya daktari au ya mfamasia bila kuandikishwa. Ndipo Kiswahili cha Kenya kikapata msemo "daktari bandia". Inafaa kuangaliwa kwamba hakuna asemaye "mganga bandia" kwa wepesi huohuo, kana kwamba ubandia wa mganga umekwisha kukubaliwa ndani ya jina lake.

Msingi wa daftari ni wa lazima, kwani bila huo mgonjwa hana njia ya kumjua aliyesoma. Hata hivyo daftari humtambulisha mtu. Haliitambulishi dawa yake. Mwaka 1990 dawa iliyoitwa Kemron, iliyotokana na uchunguzi wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, ilitangazwa na Rais mwenyewe kuwa ushindi dhidi ya UKIMWI. Haikutangazwa na mtu wa mizizi, bali na wanasayansi na serikali. Majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha madai hayo. Jaribio kubwa lililofanywa Uganda kwa wagonjwa 560 halikuona nafuu yoyote iliyoletwa na aina hiyo ya dawa. Mwaka 1996 ikatokea Pearl Omega, nayo ikitajwa kuwa tiba ya ugonjwa huohuo, na Wizara ya Afya ikaipiga marufuku. Maneno yaliyozibeba dawa hizo yalikuwa utafiti, profesa, maabara. Sheria ya 1925 haikuwa na neno hata moja la kuzigusa.

Haina maana kwamba waliozitangaza walikuwa malaghai. Mtu anaweza kukosea akiwa anaamini. Linaloonekana ni kwamba mtu wa kaskazini aliyeuza mbuzi ili apate nauli na bei ya dawa isiyoponya alipata hasara ileile, iwe dawa ilitoka katika kibuyu au katika chupa yenye nembo. Sheria iliitazama hasara hiyo kwa macho mawili tofauti kwa sababu ya jina la aliyeitoa.

Mwaka 2011 mambo yaligeuka tena upande wa Tanzania. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri katika kijiji cha Samunge, Loliondo, alitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 za Tanzania, akisema kwamba ameoteshwa na Mungu. Maelfu walimwendea, wakiwamo wengi kutoka Kenya. Foleni ya magari ilienda kilometa nyingi, na wapo waliofia njiani. Neno kikombe lilipata maana mpya kwa mwaka ule, na "kunywa kikombe" kukawa na maana ya kwenda Loliondo. Yeye hakujiita mganga wala daktari. Aliitwa Babu, jina la ujamaa lisilo katika daftari lolote wala katika sheria ya uchawi ya nchi yoyote. Tanzania ilikuwa tayari na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, pamoja na baraza lake la kuwaandikisha waganga. Lakini mtu aliyeitwa Babu alikuwa amesimama kati ya kanisa na zahanati, na viongozi wa serikali wenyewe walionekana Samunge wakinywa.

6. "Utapona": Sheria na Nyakati za Kitenzi

Mahali ambapo sheria ya uchawi haifai, waendesha mashtaka wa Kenya wana mlango mwingine: kosa la kujipatia mali kwa hila, ambalo limo katika kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu na adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitatu. Kosa hili linaelekea kumfaa laghai kuliko lile la 1925, kwa sababu halimwulizi kama ni mganga. Lakini kifungu cha 312 kinaeleza hila ni nini, na maelezo yake yanapaswa kumvutia kila mwanafunzi wa sarufi. Hila ni kauli ya uongo juu ya jambo lililopita au lililopo, ambayo msemaji anajua kuwa ni uongo au haamini kuwa ni kweli. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilithibitisha kwamba kauli juu ya jambo lijalo haiwezi kusimamisha shtaka hilo.

Ichukuliwe kwamba mwuza dawa amesimama sokoni Isiolo na kusema sentensi tatu: "Nimewaponya watu mia", "Dawa hii huponya kisukari", na "Ukiinywa siku saba utapona". Ya kwanza ni ya wakati uliopita, na ikithibitika kuwa ni uongo alioujua, imemnasa. Ya pili, kwa kiambishi hu- cha mazoea, inadai ukweli wa siku zote, na kwa hiyo imo katika yaliyopo. Ya tatu ina -ta-, nayo inapita katikati ya wavu. Akiongeza "Mungu akipenda", kama ilivyo ada ya watu waungwana, amejiweka mbali zaidi na mkono wa sheria, ingawa mgonjwa ameisikia ahadi kamili.

Mgonjwa hatengi nyakati hizo. Kwake yeye "utapona" ni habari ya nguvu ya dawa iliyoko mkononi mwa mwuzaji sasa hivi. Tena ugumu unaongezeka pale sentensi inapofasiriwa. Kiambishi -na- katika "inaponya" kinaweza kufahamika kuwa ni tendo linaloendelea au ni tabia ya dawa, na lugha za Kikushi na za Kinailoti zinazosemwa Isiolo zina mifumo yao ya nyakati na hali ambayo hailingani na ya Kiswahili hata kidogo. Mkalimani anayeteleza kutoka "huponya" hadi "itaponya" hajabadili neno kubwa, lakini huenda amemwachia mshtakiwa mlango. Mlango huo hutumiwa na wengi. Matangazo yanayobandikwa katika miji mingi ya Kenya, ya wanaojiita madaktari wa mapenzi na wa bahati, yameandikwa karibu yote kwa wakati ujao: mumeo atarudi, utapata kazi, deni litalipwa.

7. Kutoka Majina hadi Matendo

Imo katika Kanuni ya Adhabu hiyohiyo njia ya nne ambayo haizungumzwi sana. Kifungu cha 243 kinamwadhibu mtu anayetoa matibabu, au anayetoa dawa, kwa uzembe au pasipo kujali, kwa namna inayohatarisha maisha au inayoweza kumdhuru mwenzake. Kifungu hicho hakimtaji mganga, wala mchawi, wala daktari. Kinataja matendo: kutibu, kupasua, kutoa dawa. Chiressa aliyeunga mfupa ukaungika hana kosa. Daktari mwenye cheti aliyechoma sindano kwa uzembe analo. Kwa sarufi ya kifungu hicho, kitenzi kimekaa mahali ambapo sheria ya 1925 iliweka nomino.

Njia hiyo nayo ina upungufu wake. Maji matupu hayamdhuru anayeyanywa. Madhara yake ni kwamba yanamchelewesha, na anayeacha vidonge vya kifua kikuu au vya UKIMWI kwa sababu ameambiwa kwamba amekwisha kupona huenda akafa bila alama ya sumu mwilini. Kuliweka dhara la kuchelewesha katika sheria kwa uwazi ni kazi inayongoja. Sheria ya Afya ya 2017 imetambua tiba asili na tiba mbadala na kutaka ziwekewe utaratibu. Jina "tiba asili" lenyewe ni maendeleo, kwa kuwa linataja tiba na kumwacha mtu. Lakini utaratibu ukiishia katika kuandikisha majina tu, historia inaonyesha litakalofuata: mganga mwaminifu wa Merti au Garba Tulla asiye na cheti atakuwa mhalifu, na laghai mwenye fedha ya kulipia cheti atakitundika ukutani.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba sheria ya 1925 iliwafunga pamoja mganga na mchawi kwa jina ambalo Kiswahili hakikuwa nalo. Kwamba ushahidi wa mahali penye lugha nyingi kama Isiolo uliweza kupoteza tofauti zake katika neno dawa. Kwamba sheria za daftari zilimlinda daktari bila kuzichuja dawa zenye sura ya udaktari. Na kwamba sheria ya hila huisikiliza nyakati ya kitenzi kwa namna ambayo mgonjwa haisikilizi.

Kazi inayowaangukia wanalugha katika jambo hili ni ya aina tatu. Kwanza, neno mganga lirudishiwe maana yake katika maandishi rasmi ya Kenya, na mchawi asitumiwe kumtaja mtu anayetibu. Pili, kosa la kudanganya kwa tiba lipewe istilahi yake yenyewe. "Ulaghai wa tiba" inafaa, kwa sababu inamhusu sawasawa mwenye kibuyu na mwenye koti jeupe. Tatu, itungwe faharasa ya mahakama ya maneno ya tiba ya Kiborana, Kisomali, Kisamburu, Kiturkana na Kimeru pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili, ili mkalimani apewe nafasi ya kusema sentensi tatu pale neno moja lisipotosha. Faharasa ya namna hiyo ingeanza vizuri Isiolo, ambako wasemaji wa lugha zote hizo wanapatikana katika mji mmoja, na ambako wazee waliotafsiri kwa mdomo katika mahakama za zamani, au watoto wao, huenda wangali wakiyakumbuka maneno yaliyowashinda.